Sura za mwezi na mambo yako ya kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayonijia zaidi tangu nianze kuufuatilia mwezi kwa jicho la unajimu. Mengine yanajibika kwa mstari mmoja, mengine yanataka tukae chini. Niseme mapema ninaposimama: mwezi naufuata kama mtu anavyofuata saa ya ukutani. Saa hukwambia ni saa ngapi. Haikwambii nani atabisha hodi.

Wanajimu wakisema "awamu ya mwezi" wanamaanisha nini?

Mwezi wenyewe haukui wala haupungui. Nusu yake daima imeangazwa na jua, na sisi huku chini tunaiona nusu hiyo kutoka upande tofauti kila usiku. Mnajimu huipima pembe iliyopo kati ya jua na mwezi kwa nyuzi. Vikikutana, nyuzi 0, ni mwezi mpya. Nyuzi 90 ni robo ya kwanza, nyuzi 180 ni mwezi mpevu, nyuzi 270 ni robo ya mwisho, kisha unarudi ulikotoka. Mzunguko mzima kwa wastani huchukua siku 29, saa 12 na dakika 44. Unachokiona angani siku ya robo ni nusu duara, lakini huitwa robo kwa sababu ni robo ya safari.

Sasa maana. Katika unajimu jua ni nia, yaani kile unachotaka kuwa. Mwezi ni mazoea, mwili, kumbukumbu, hamu ya kula, namna unavyojisikia ukiamka. Awamu basi ni habari ya jinsi nia na hisia zinavyoelewana kwa siku hizo. Mwezi ukiwa mpya, viwili hivyo vimelala kitanda kimoja gizani na hakuna anayemwona mwenzake. Ukiwa mpevu, vinatazamana kutoka pande mbili za chumba na taa imewashwa. Ukiishika picha hiyo, mengi yanayoandikwa kuhusu awamu utayabashiri mwenyewe.

Mwezi mpya si ndio huo ulioandama?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwezi ulioandama ni ile hilali nyembamba inayoonekana magharibi jua likishazama. Mwezi mpya wa mnajimu umeshatokea kabla ya hapo, kwa siku moja na pengine mbili, wakati mwezi umepita upande wa jua na hakuna jicho linaloweza kuuona. Anayesubiri hilali ndipo aandike nia yake ya mwezi mpya, kwa hesabu ya kalenda za unajimu amechelewa.

Lakini simwambii amekosea. Wababeli, ambao buruji kumi na mbili (zile nyota kama Simba na Mizani) zimetoka kwao, waliuanza mwezi hilali ilipoonekana. Chagua hesabu moja uishike. Kuchanganya mbili ndiko kunakoharibu daftari.

Awamu ni nne au nane?

Inategemea unamsoma nani. Ptolemy, mnajimu wa Aleksandria wa karne ya 2, aligawa mzunguko mara nne kwa tabia za maumbile: kuanzia mwezi mpya hadi robo ya kwanza unyevu huzidi, hadi mpevu joto huzidi, hadi robo ya mwisho ukavu, kisha baridi mpaka mwezi mpya. Hakuna neno hapo kuhusu "kujitambua". Hayo ya nafsi yaliletwa zaidi na Dane Rudhyar, mnajimu mzaliwa wa Paris aliyefanya kazi Marekani, ambaye kitabu chake cha 1967 kilieneza mgawanyo wa awamu nane zenye nyuzi 45 kila moja. Kila awamu kati ya hizo hukaa siku tatu na nusu na ushee.

Kwa shughuli za kawaida nne zinatosha. Nane zina ladha yake ukishazoea.

Kila awamu nifanye nini, kwa vitendo?

Mwezi mpya ni wa kupanda nia, na kosa linaloonekana sana ni kuufanya sikukuu. Nguvu iko chini siku hiyo. Mimi huandika jambo moja kwenye daftari, tena kwa kitenzi kinachoshikika: nitamaliza kitu fulani, nitamtafuta mtu fulani. Nilikuwa naandika orodha ya mambo kumi na mbili. Hakuna lililowahi kufika robo ya kwanza likiwa hai.

Hilali ikionekana, fanya hatua ya kwanza hata iwe ndogo ya kuchekesha. Kisha inakuja robo ya kwanza, na hii ndiyo awamu ninayoiheshimu kuliko zote. Nyuzi 90 katika unajimu ni pembe ya msuguano. Hapo ndipo fedha inapungua, mtu uliyemtegemea anaanza kusitasita, na wewe mwenyewe unajiuliza nani alikutuma. Zamani nilidhani ni dalili ya kuacha. Wanajimu husoma tofauti: huo ni mlango wa kuamua, na uamuzi wenyewe ndio kazi ya wiki hiyo. Ama unabadilisha njia, ama unasukuma. Kinachoharibu ni kukaa katikati.

Siku kabla ya mwezi mpevu, ukiwa umenenepa lakini haujajaa, ni za kurekebisha: kusoma tena ulichoandika, kupiga hesabu upya, kupunguza.

Mwezi mpevu huonyesha. Kilichopandwa kinaonekana, na kile ulichokuwa unakifunika kinaonekana pia. Maneno yaliyokaliwa kwa wiki mbili hutoka yenyewe. Zungumzeni, ila uamuzi uacheni ulale hadi kesho kutwa.

Baada ya hapo mwezi unaanza kupungua, na unajimu husema ni wakati wa kutoa: kufundisha, kushirikisha, kulipa. Robo ya mwisho ni msuguano tena, safari hii dhidi ya mazoea yako mwenyewe. Inafaa kufuta, kuvunja mkataba uliochoka, kusafisha kabati. Na zile siku mbili tatu za giza kabla ya mwezi mpya ni za kupumzika. Wapo wanaoziita siku za mikosi. Siwaungi mkono. Mtu aliyefanya kazi wiki tatu akichoka wiki ya nne hajarogwa.

Nitajuaje awamu bila kutazama kalenda?

Tazama saa ambayo mwezi unachomoza. Mwezi mpya huchomoza na jua na kuzama nalo. Wa robo ya kwanza huchomoza kama saa sita mchana na kuzama kama saa sita usiku. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama na kukaa usiku kucha. Wa robo ya mwisho huchomoza usiku wa manane na ndio unaoukuta juu asubuhi. Kila siku unachelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: ukiuona mapema jioni tayari uko juu, unakua, ukiuona alfajiri na jioni haukuwepo, unapungua.

Usitegemee sana upande wenye mwanga. Kaskazini ya dunia mwezi unaokua huangaza upande wa kulia, kusini upande wa kushoto, na karibu na ikweta hilali hulala chali kama mtumbwi. Pembe na jua haibadiliki kokote uliko, kwa hiyo maana ya kinajimu ni ile ile.

Nimeuona mwezi mchana kweupe. Ni ishara?

Ishara kwamba hauko mbali na mojawapo ya zile robo. Ni jambo la kila mwezi.

Ni kweli mwezi mpevu unawatia watu wazimu?

Hili wanaliamini hata wasioamini unajimu. Mwaka 1985 watafiti James Rotton na Ivan Kelly walizipitia pamoja tafiti 37 zilizokuwa zimegusa mwezi na mienendo ya watu. Walichokuta ni kwamba awamu ya mwezi haielezi hata asilimia 1 ya tofauti za mienendo hiyo. Usiku wa vurugu ukiangukia mwezi mpevu tunaukumbuka. Vurugu za usiku wa kawaida tunazisahau, na mwezi mpevu uliopita kimya hausimuliwi na mtu.

Kuna hoja nyingine maarufu: mwezi unavuta bahari, mwili ni maji, basi mwezi unatuvuta. Inapendeza, ila haishiki. Maji ya bahari hupanda kwa sababu upande mmoja wa dunia uko karibu na mwezi kuliko upande wa pili kwa maelfu ya kilomita, na mvuto unatofautiana. Kati ya utosi wako na unyayo hakuna tofauti ya kusemwa. Na watu wa pwani wanajua jambo ambalo hoja hii inalisahau: bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, huja mara mbili katika mzunguko, mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mpya, na maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, huja kwenye zile robo. Kama ni maji yanayotuchanganya, mwezi mpya ungetuchanganya vile vile.

Mnajimu makini hahitaji hoja ya maji. Anachosema ni cha alama: huu ni wakati wa kuona kilichoiva. Ukikipokea hivyo hakuna cha kupima maabara, na pia hakuna cha kumtishia mtu.

Mbona basi silali vizuri mwezi ukiwa mpevu?

Hapa sikucheki, maana kwenye usingizi kuna kitu. Mwaka 2013 watafiti wa Basel, Uswisi, walirudi kwenye takwimu za watu 33 waliokuwa wamelala maabara bila kuuona mwezi. Karibu na mwezi mpevu walilala pungufu kwa dakika kama 20 na walichukua dakika kama 5 zaidi kupata usingizi. Mwaka 2021 utafiti mwingine, uliowagusa watu wa jamii ya Toba huko Argentina na wanafunzi wa Seattle, Marekani, ulikuta watu wanachelewa kulala na kulala kidogo katika siku zinazotangulia mwezi mpevu. Tofauti ni ndogo, na chanzo bado kinabishaniwa. Ushauri wangu wa kawaida: usiku huo usipange kuamka mapema sana kesho yake, na funga pazia.

Nikate nywele, nipande mbegu lini?

Mapokeo yana kanuni moja kwa yote mawili: unachotaka kikue, kianze mwezi ukikua, unachotaka kitulie, kifanye mwezi ukipungua. Kwa nywele, basi, kata mwezi mchanga ukitaka zirefuke na mwezi unaopungua ukitaka mkato ukae. Nywele zenyewe hukua kama sentimita moja kwa mwezi bila kuuliza.

Kwenye kilimo habari ni ndefu zaidi. Mimea inayozaa juu ya ardhi hupandwa mwezi ukikua, ya mizizi mwezi ukipungua. Mshairi wa Kigiriki Hesiod alionya kusianzwe kumwaga mbegu siku ya 13 ya mwezi unaokua, lakini akaisifu siku hiyo hiyo kwa kupandikiza miche. Karne ya 20 mwanafalsafa Rudolf Steiner alitoa mihadhara yake ya kilimo mwaka 1924, na baadaye Maria Thun wa Ujerumani akatengeneza kalenda inayogawa siku za mizizi, majani, maua na matunda kulingana na kundi la nyota ambamo mwezi unapita. Nawajua wakulima wa bustani wanaoapa kwa kalenda hiyo. Nadhani faida yake kubwa ni kumlazimisha mtu afike bustanini kwa ratiba. Udongo ukiwa mkavu, subiri mvua, usisubiri mwezi.

Awamu na nyota ya mwezi ni kitu kimoja?

Ni vitu viwili vinavyotembea pamoja. Awamu ni umbali wa mwezi kutoka jua. Nyota ya mwezi ni buruji ambamo mwezi umo leo, na hukaa humo siku mbili na saa chache kabla ya kuhama. Kuna kanuni ya kukumbuka: mwezi mpya daima huwa kwenye nyota ya jua, na mwezi mpevu kwenye nyota inayoikabili. Jua likiwa Simba, mwezi mpya ni wa Simba na mwezi mpevu ni wa Ndoo. Jua likiwa Punda, mpevu ni wa Mizani.

Ndiyo maana miezi mipevu haifanani. Ule wa Kaa hugusa nyumbani na wazazi. Ule wa Mbuzi hugusa kazi na wakubwa wa kazi. Ukijumlisha awamu na nyota unapata sentensi nzima. Awamu peke yake ni kitenzi bila yambwa.

Nimeambiwa nisisaini kitu mwezi "usipokuwa na mwendo". Ni nini hicho?

Ni kipindi baada ya mwezi kumaliza pembe yake kuu ya mwisho na sayari nyingine, kabla haujaingia nyota inayofuata. Huweza kuwa dakika chache au kupita siku nzima. William Lilly, mnajimu wa London, aliandika mwaka 1647 kwamba mambo ya wakati huo huenda kwa shida, ila akaongeza kuwa mwezi bado hutenda kiasi fulani ukiwa kwenye Ng'ombe, Kaa, Mshale au Samaki. Wanaonakili nusu ya kwanza huisahau ya pili. Zaidi ya hapo, Lilly alikuwa anajibu maswali mahususi ya wateja kwa ramani ya anga ya saa ile. Hakuwa anawakataza watu wasijibu barua. Mkataba uusome mstari kwa mstari. Hilo linafaa mwezi wowote.

Mwezi ukipatwa nifanye nini kinajimu?

Mwezi hupatwa ukiwa mpevu tu, na jua hupatwa mwezi ukiwa mpya tu. Haitokei kila mwezi kwa kuwa njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5 kulinganisha na ile ya jua, hivyo mara nyingi vinapishana juu au chini. Wanajimu huhesabu kupatwa kama awamu iliyokozwa: mambo hukatika au kufunguka ghafla, na athari husomwa kwa miezi. Wengi hushauri usianzishe kitu kipya siku hiyo. Mimi hufuata ushauri huo kwa sababu moja isiyo ya kinajimu: siku hiyo nataka kutazama angani. Kwa mwezi tumia macho matupu bila hofu. Kwa jua, kamwe.

Na ule "mwezi mkubwa" unaotangazwa kwenye habari?

Jina lake la Kiingereza, "supermoon", lilibuniwa na mnajimu, Richard Nolle wa Marekani, mwaka 1979. Wanahabari wakalichukua baadaye. Mwezi huweza kusogea hadi karibu kilomita 356,500 na kwenda mbali hadi kilomita 406,700 hivi. Ukiwa mpevu na wa karibu unaonekana mkubwa kwa hadi asilimia 14 kuliko ule wa mbali kabisa. Huwezi kuitambua tofauti hiyo bila picha za kulinganisha. Ule ukubwa unaokushtua mwezi ukiwa upeoni ni mchezo wa macho na hutokea mwezi wowote.

Awamu niliyozaliwa nayo ina maana gani?

Rudhyar aliifanya kuwa tabia. Aliyezaliwa mwezi mpya huanza mambo kwa msukumo bila kujiona. Wa robo ya kwanza hujengeka kwenye migogoro. Wa mwezi mpevu hujielewa kupitia watu wengine. Wa mwezi unaopungua hupenda kufundisha. Wa giza la mwezi huishi kama anayefunga sura fulani na kuandaa nyingine. Wengi wa kundi la mwisho huniandikia wakiwa na huzuni, kana kwamba wamezaliwa siku mbaya. Hakuna awamu mbaya ya kuzaliwa. Watu wa giza la mwezi ninaowafahamu wana kipaji cha kujua jambo limekwisha kabla wengine hawajakubali.

Jaribu pia hili: kila baada ya miaka 19 mwezi hurudi karibu awamu ile ile tarehe ile ile, kwa kuwa miaka 19 inabeba mizunguko 235 ya mwezi karibu kamili. Siku yako ya kuzaliwa ukifikisha 19, 38 na 57, tazama juu. Ni karibu mwezi uliokupokea. Wanajimu wana hesabu nyingine pia, ambayo kila siku baada ya kuzaliwa husimama kwa mwaka mmoja wa maisha, hivyo mzunguko wa siku 29 na nusu huwa wa miaka 29 na nusu.

Daktari amenipangia upasuaji siku ya mwezi mpevu. Nihamishe?

Usihamishe. Onyo la zamani, lililohusishwa kimakosa na Ptolemy, lilikataza kugusa kwa chuma kiungo kinachotawaliwa na nyota ambamo mwezi umo. Lilitoka enzi ambazo upasuaji wenyewe ndio ulikuwa hatari kuu. Tarehe ya daktari ina sababu zake, na kuchelewa kuna gharama.

Uzazi ni vile vile. Watafiti walipohesabu uzazi 564,039 katika jimbo la North Carolina, Marekani, kati ya 1997 na 2001, hawakuona wajawazito wakijifungua zaidi awamu yoyote.

Kiswahili kinasema mwanamke yuko "mwezini". Kuna uhusiano?

Lugha imeona kufanana kwa hesabu, na hesabu kweli zinakaribiana: mzunguko wa wanawake wengi uko karibu na siku 28, wa mwezi 29 na nusu. Mizunguko hiyo ikianza pamoja, baada ya miezi michache imeachana. Kuandika siku zako kando ya awamu kunaweza kukuonyesha mpangilio wako mwenyewe. Usiutumie mwezi kupanga au kuzuia mimba.

Kufuata mwezi kunagongana na dini?

Kuhesabu wakati kwa mwezi hakuna ugomvi na mtu. Qur'ani 2:189 inaitaja miezi kuwa vipimo vya nyakati kwa watu. Kutabiri mambo ya watu ni jambo jingine, na Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inakataza uaguzi waziwazi. Mwulize kiongozi wako wa dini, mimi si mtu wa fatwa.

Kalenda yangu inasema mwezi mpevu ni Jumanne, ya rafiki yangu aliye nchi ya mbali inasema Jumatano. Nani amekosea?

Hakuna. Mwezi mpevu ni dakika moja kwa dunia nzima, ile ambayo nyuzi 180 zinatimia. Dakika hiyo ikiwa saa tano usiku Jumanne kwako, kwa aliye mashariki yako kwa saa tatu ni saa nane usiku, na tarehe imeshageuka Jumatano. Kalenda nyingi huandika kwa saa za ulimwengu (UTC), kwa hiyo ongeza au punguza tofauti ya saa za ulipo kabla ya kuandika kwenye daftari. Jioni hiyo na ile inayofuata, kwa macho, mwezi utaonekana umejaa vile vile.